Mkono Umekaza, Kipimo Kinasema Hauna Nguvu

Mzazi wa Mlandizi au Maneromango, mkoani Pwani, anayemuogesha mtoto mwenye mtindio wa ubongo anaijua ngumi ile. Vidole vimejikunja, kidole gumba kimefichwa ndani ya kiganja, na kuifungua ili kuosha jasho na nongo kunataka subira na mkono mwepesi. Mzazi huyo akifika kliniki na kuambiwa kwamba mkono huohuo hauna nguvu, ana kila sababu ya kushangaa: mkono unaomshinda mtu mzima kuufungua unakosaje nguvu?

Juu ya mshangao huo umeongezeka mwingine. Mwaka 2015 jarida la Lancet lilichapisha matokeo ya utafiti mkubwa uitwao PURE, uliopima mshiko wa watu karibu 140,000 wenye umri wa miaka 35 hadi 70 katika nchi 17, zikiwamo Zimbabwe na Afrika Kusini. Wenye mshiko dhaifu walionekana kuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa katika miaka iliyofuata. Tangu hapo kauli kwamba nguvu za mkono hutabiri umri wa mtu imezunguka sana, nayo humfikia pia mzazi ambaye mwanawe hawezi kukamua sifongo. Ni haki imfikie pamoja na mipaka yake. Waliopimwa na PURE walikuwa watu wazima wa kila aina mitaani na vijijini, na udhaifu wa mkono kwao ulionyesha hali ya mwili mzima, kuanzia lishe hadi moyo. Kwa mwenye mtindio wa ubongo, mkono dhaifu unaeleza kwanza habari za njia inayotoka ubongoni kwenda kwenye msuli. Kuchukua namba ya huku na kuisomea tafsiri ya kule ni kumtisha mtu bure.

Wataalamu nao hawana kauli moja. Wapo wanaotaka kila mtu apimwe kwa kilo, wapo wanaoona kilo hazisemi kitu na kinachofaa ni kuutazama mkono ukifanya kazi, na zamani walikuwapo waliosema nguvu isiguswe kabisa. Katika wilaya kama Kibaha na Kisarawe, ambako fundi wa tiba ya viungo ni wa kutafutwa na nauli ni ya kuhesabu, ubishi huu una uzito wake, kwa kuwa ndio unaoamua dakika chache za kliniki zitumike kufanya nini.

Ngumi inatoka wapi

Mtindio wa ubongo hutokana na jeraha au hitilafu iliyoupata ubongo ungali unakua: mimba ikiwa tumboni, wakati wa kujifungua, au katika miaka ya mwanzo ya mtoto. Jeraha lenyewe haliongezeki, lakini athari zake mwilini hubadilika kadiri mtoto anavyorefuka na kupata uzito. William John Little, daktari wa London, aliihusisha hali hii na uzazi mgumu katika mhadhara wa mwaka 1861. Sigmund Freud, kabla hajavuma kwa mambo ya nafsi, aliandika kitabu kizima kuihusu mwaka 1897 na kumpinga Little, akisema uzazi mgumu waweza wenyewe kuwa dalili ya tatizo lililotangulia. Ubishi huo haujafa mpaka leo.

Kwetu orodha ya sababu ni ndefu zaidi. Kuna mtoto aliyechelewa kulia kwa kukosa hewa, manjano kali isiyotibiwa mapema, homa ya uti wa mgongo, na malaria iliyopanda kichwani. Utafiti wa Angelina Kakooza-Mwesige na wenzake katika wilaya za Iganga na Mayuge nchini Uganda, uliochapishwa mwaka 2017, ulichunguza watoto zaidi ya 31,000 na kukuta karibu watatu katika kila 1,000 wana mtindio wa ubongo. Kwa robo ya wenye hali hiyo waliochunguzwa, chanzo kilionekana kutokea baada ya kipindi cha uchanga. Hiyo ni hesabu ya jirani, na mazingira yake ya malaria na ya wodi za wazazi hayako mbali sana na ya Pwani.

Sababu ina maana hapa kwa kuwa ndiyo inayoamua aina ya mkono. Mtoto aliyepata manjano kali mara nyingi huishia na mkono unaocheza: unajinyonga, unakamata kwa nguvu sasa hivi na kulegea sekunde inayofuata. Aliyejeruhiwa njia za ubongo zinazoongoza misuli hupata mkono uliokakamaa, ama wa upande mmoja ama wa pande zote mbili. Hawa wawili wakipewa kifaa kimoja cha kukamua, namba zao zinaweza kulingana ilhali matatizo yao hayafanani hata kidogo.

Sasa ile ngumi. Nguvu ni uwezo wa kuuamuru msuli ukaze kwa kiasi unachotaka, kwa wakati unaotaka, kisha uachie. Mkakamao ni jambo jingine: msuli unajibu kwa kukaza pale unaponyoshwa, bila mwenyewe kuamuru. Katika mtindio wa ubongo amri zinazoshuka kutoka ubongoni ni chache na hazichagui vizuri, hivyo misuli ya kukunja na ya kukunjua hukaza kwa pamoja na kuvutana. Msuli wenyewe huwa mdogo kuliko wa rika lake. Na mwaka 2002 Richard Lieber na Jan Fridén walionyesha kwamba hata vijinyuzi vya ndani ya msuli unaokunja kifundo cha mkono vilikuwa vimevutwa kupita urefu unaovifaa, hadi urefu ambao nyuzi hizo haziwezi kuvuta kwa nguvu zake zote. Miaka ikipita, msuli nao hufupika. Mzazi anayeihisi ngumi ngumu yuko sahihi, na mtaalamu anayeandika "dhaifu" yuko sahihi vilevile. Wanazungumzia vitu viwili vilivyo ndani ya mkono mmoja.

Mkao wa kifundo unazidisha shida. Msomaji anaweza kujihakikishia hapo alipo: akunje kifundo cha mkono kwa ndani kabisa, kisha ajaribu kufumba ngumi ya nguvu. Haifumbi vizuri, kwa sababu misuli ya vidole imeshafupishwa na haina tena nafasi ya kuvuta. Watu wengi wenye mkono uliokakamaa wanaishi katika mkao huo saa zote.

Kifaa na kanuni zake

Kifaa kinachotajwa zaidi ni dainamomita ya Jamar. Ilielezwa na Charles Bechtol mwaka 1954, inafanya kazi kwa mafuta yaliyobanwa ndani, na mpini wake una nafasi tano za kurekebisha upana. Saa yake inafika kilo 90, na alama zake zinapishana kwa kilo mbili. Kanuni za kuitumia zimekubalika tangu miaka ya 1980: anayepimwa akae kwenye kiti, bega limelegea ubavuni, kiwiko kimekunjwa pembe mraba, kiganja kikitazama ndani, kifundo kimenyooka au kimeinuliwa kidogo. Anakamua mara tatu, anapumzika katikati, na wastani ndio unaoandikwa.

Kwa mkulima aliyeteguka kidole kanuni hizo hazina shida. Kwa mwenye mtindio wa ubongo karibu kila sharti linagonga mwamba. Kifundo hakikai kilivyoagizwa. Kidole gumba kinaingia chini ya mpini badala ya kuuzunguka. Mkono wa pili, ambao haukuambiwa kitu, nao unafumba kwa kuigiza wa kwanza. Neno "kaza!" likitamkwa kwa sauti kubwa, mwili mzima unashtuka, na mshale wa saa unaruka kwa mshtuko badala ya kwa nia. Kisha anaambiwa "achia", na sekunde tatu au nne zinapita vidole bado viko palepale. Kipimo hakiandiki sekunde hizo.

Kuna pia suala la kiti, linaloonekana dogo. Mtoto anayepimwa kwenye benchi la mbao lisilo na egemeo, miguu ikining'inia, anatumia sehemu kubwa ya juhudi zake asianguke. Mkalishe kwenye kiti kinacholingana naye, nyayo zikiwa zimekanyaga kitu, na mkono unapata nafasi ya kushughulika na mpini. Mabadiliko ya namba yanayotokana na benchi yanaweza kuwa makubwa kuliko yale ambayo tiba ya miezi mitatu ingeleta.

Tena zipo namba zisizoonekana kabisa. Saa yenye alama za kilo mbilimbili haiwezi kumwambia mtu mwenye mshiko wa kilo moja kama ameongezeka au amepungua. Kwake mshale hutikisika kidogo na kurudi sifuri, na kwenye kadi inaandikwa sifuri, wakati mtoto huyohuyo ameanza kushika kijiko wiki hii.

Enzi ambapo nguvu haikuguswa

Kwa muda mrefu swali la kupima nguvu halikuulizwa kabisa. Berta na Karel Bobath, mke na mume waliokimbilia London kutoka Ujerumani ya Hitler, walijenga njia ya tiba iliyoenea dunia nzima baada ya vita. Kwao tatizo kuu lilikuwa mkakamao na mwendo usio wa kawaida, na wafuasi wao waliamini kwamba kumkazisha mtoto kwa nguvu kungeongeza mkakamao huo. Kipimo kinachomtaka mtu akamue kwa nguvu zote kilionekana chenyewe kuwa na madhara.

Hofu hiyo ilikuwa na mantiki ukiitazama kwa macho tu: mtoto akijitahidi sana, mwili hukaza. Lakini kilichoonekana kwa dakika moja hakikudumu. Katika miaka ya 1990 Diane Damiano na wenzake nchini Marekani waliwapa watoto wenye mtindio wa ubongo mazoezi ya kuongeza nguvu za miguu, na watoto wakapata nguvu. Tafiti zilizofuata hazikuona mkakamao ukiongezeka kwa sababu ya mazoezi. Hapo ndipo kipimo cha nguvu kiliporudi kliniki kwa heshima zake. Msimamo wa zamani bado unasikika hapa na pale, kwa kuwa mafunzo yanarithishwa kutoka kwa mwalimu hadi mwanafunzi, lakini kama hoja umekwisha. Tuuache hapo tuingie kwenye ubishi ulio hai.

Wanaotaka kilo

Hoja yao ya kwanza ni uwazi. Kilo haina upendeleo wa mpimaji, haimwonei mtoto huruma wala haimpendezeshi mfadhili. Mtoto akipimwa Januari na Juni kwa kifaa kilekile na kwa mkao uleule, tofauti inaonekana kwa macho.

Hoja ya pili ina uzito zaidi: namba ya mkono inagusa maisha kweli. Mwaka 2007 Carlyne Arnould na wenzake wa Ubelgiji walichapisha utafiti wa watoto 101 wenye mtindio wa ubongo. Walipima mambo mengi ya mkono, kuanzia nguvu na wepesi hadi hisia za ngozi, wakayalinganisha na uwezo wa mtoto kufanya shughuli za kila siku. Viwili vilitangulia vingine: wepesi wa mkono ulio bora, na nguvu ya kushika ya mkono ulio dhaifu. Inaeleweka ukiifikiria jikoni. Mkono mzuri ndio unaofanya kazi ya ufundi, wa pili kazi yake ni kuzuia kitu kisisogee: kushika sufuria wakati mwiko unasonga, kushika muhogo wakati kisu kinamenya. Kwa kuzuia, nguvu inatosha hata kama wepesi haupo.

Ila utafiti huohuo unawapunguzia wenye hoja hii kiburi chao. Vipimo hivyo viwili kwa pamoja vilieleza asilimia 58 ya tofauti za uwezo kati ya watoto. Zilizobaki zilikuwa na asili nyingine, na mtu hahitaji maabara kukisia baadhi yake: nani nyumbani anamwachia mtoto ajaribu mwenyewe, nani anamfanyia kila kitu kwa mapenzi, shule ina meza ya namna gani.

Udhaifu mkubwa wa kilo uko katika kile zinachokiita mshiko. Dainamomita inapima kilele, yaani nguvu ya juu kabisa ya sekunde moja. Watafiti wa Stockholm, akina Ann-Christin Eliasson, Andrew Gordon na Hans Forssberg, walionyesha tangu miaka ya 1990 kwamba watoto wengi wenye mtindio wa ubongo wanaponyanyua kitu chepesi hubana kupita kiasi, hushindwa kulinganisha kubana na kuinua, na huchelewa kuachia. Kikombe cha plastiki chenye uji kinapondwa kwa nguvu iliyozidi. Kwa mtoto wa namna hii, kuongezewa kilo bila kufundishwa kuachia ni kumpa tatizo lilelile likiwa kubwa zaidi.

Na kilo zinalinganishwa na za nani? Majedwali ya wastani yanayotumika sana yalikusanywa na Virgil Mathiowetz na wenzake katika eneo la Milwaukee, Marekani, yakachapishwa mwaka 1985 kwa watu wazima na 1986 kwa watoto na vijana wa miaka 6 hadi 19. Mshiko hufuata kimo na uzito. Mtoto wa Mzenga anayepata shida ya kutafuna na kumeza, hivyo amekonda, ataonekana ameachwa mbali na mtoto wa Milwaukee kwa sababu mbili zilizochanganyika, ya ubongo na ya sahani, na jedwali halina namna ya kuzitenganisha. Hata kulinganisha mkono mgonjwa na mzima wa mtu huyohuyo kuna kasoro, maana mkono uitwao mzima mara nyingi nao umeguswa kidogo.

Wanaotaka kazi

Upande wa pili unaanza na swali tofauti: mkono huu unafanya nini? Chombo chao maarufu ni MACS, mpangilio wa ngazi tano uliochapishwa na Eliasson na wenzake nchini Sweden mwaka 2006 kwa watoto na vijana wa miaka 4 hadi 18. Ngazi ya kwanza ni anayeshika na kutumia vitu bila taabu, ya tatu ni anayehitaji kuandaliwa vitu, ya tano ni asiyeweza kushika hata kwa kazi rahisi. Hauhitaji kifaa chochote. Unahitaji mazungumzo na mtu anayeishi na mtoto.

Kwa Kibaha kuna kisa kidogo cha historia hapa. Mradi wa nchi za Nordiki na Tanganyika ulioanza mwaka 1963 ndio uliojenga shule na huduma za afya za pale, ukakabidhiwa serikalini Januari 1970, na ndio asili ya Shirika la Elimu Kibaha. Msaada wa zama zile ulikuja kwa saruji na mabati. MACS, iliyotoka Sweden miongo mitatu na ushei baadaye, ni karatasi tu, na mtu yeyote anaweza kuipata bure.

Lakini MACS ni ngazi, na ngazi hazikutengenezwa kuonyesha maendeleo ya miezi. Mtoto anaweza kufanya mazoezi mwaka mzima, akafaidika, na akabaki ngazi ya tatu. Kwa kufuatilia mabadiliko Waswidi haohao wana kipimo kingine, AHA, kinachorekodi mchezo wa mtoto kwa video na kuukadiria kipengele kwa kipengele. Ni kizuri sana, na hakifai wilayani: kinamtaka mpimaji aliyefuzu kozi yake maalumu, seti ya vichezeo, na muda wa kukaa na video.

Njia ya kati ni jaribio la sanduku na vipande. Sanduku lina vyumba viwili vilivyotengwa kwa ubao, upande mmoja una vipande 150 vya mbao vya sentimita mbili na nusu kila upande, na mtu anahamisha kimoja kimoja kuvuka ubao kwa sekunde 60. Idadi iliyovuka ndiyo alama. Hili linapima kile dainamomita inachokosa, kwa kuwa kipande kisichoachiwa hakihesabiki. Fundi seremala yeyote wa Maili Moja anaweza kulitengeneza akipewa vipimo.

Kasoro ya vipimo vya kazi ni kwamba binadamu ni mjanja. Mtoto anayefungua kizibo cha chupa kwa meno amefaulu kazi, na mkono wake haujabadilika hata chembe. Anayevaa shati la shule kwa kulivuta kichwani vifungo vikiwa vimefungwa amefaulu pia. Kwa maisha yake huo ni ushindi, na asitokee mtu wa kumkataza. Kwa mtaalamu anayetaka kujua kama sindano ya kulegeza msuli au upasuaji umeusaidia mkono, ni ushahidi unaopotosha. Kilo haidanganywi na meno.

Kasoro nyingine ni ya maswali yenyewe. Maswali sita mafupi ya Kundi la Washington, ambayo sensa nyingi huyatumia kuhesabu watu wenye ulemavu, yanauliza kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia na kuwasiliana. Mkono haumo, ila kwa kupitia kujihudumia. Ni katika orodha ndefu ya kundi hilo ndipo mtu anaulizwa kama ana shida kuinua chupa ya lita mbili kutoka kiunoni hadi usawa wa macho, au kuokota kitu kidogo kama kifungo au penseli. Maswali hayo mawili yangemweleza afisa ustawi wa jamii mengi kuliko kilo nne zilizoandikwa kwenye kadi.

Mashine ya presha badala ya dainamomita

Kwa kuwa dainamomita ni ghali, wengine hupendekeza mashine ya kupimia presha, ambayo karibu kila zahanati inayo. Mkanda wake unakunjwa kama bomba, unajazwa upepo hadi milimita 20 za zebaki, mtu anaukamua, na mshale unasomwa ulipofika. Kwa mkono uliokakamaa una ubora mmoja wa kweli: ni laini, hauumizi, na unakubali umbo la kiganja kilivyo. Vifaa vya tufe la mpira, ambavyo navyo hupima mgandamizo, vina faida hiyohiyo na vinasoma hata nguvu ndogo.

Hatari inakuja pale mtu anapogeuza milimita kuwa kilo. Mgandamizo ni nguvu iliyogawanywa kwa eneo. Kiganja kidogo kinachogusa sehemu ndogo ya mkanda na kiganja kipana kinachouzunguka wote vinaweza kusomeka sawa kwa nguvu zisizo sawa. Mtoto akikua na kiganja kikapanuka, usomaji unabadilika hata kama msuli haujabadilika. Kwa hiyo mashine ya presha inafaa kumfuatilia mtu mmoja kwa muda mfupi, kwa mkanda uleule uliokunjwa vilevile. Haifai kuwapanga watu foleni, nani mzima kuliko nani.

Kati ya Tumbi na Maneromango

Wilaya za Kibaha na Kisarawe zinapakana na Dar es Salaam, na ramani inazifanya zionekane zina bahati moja. Kibaha iko kando ya barabara ya Morogoro, kiasi cha kilometa 40 kutoka jijini, na hospitali ya rufaa ya mkoa iko pale Tumbi. Kisarawe mjini nako ni kupanda tu ukitokea Pugu. Ila Kisarawe ni ndefu kwenda kusini, na mama wa kata za ndani anayembeba mgongoni mtoto wa miaka minane hadi barabarani hana ukaribu wowote na jiji. Kipimo kinachomtaka arudi kila baada ya wiki sita kina gharama ambayo haiandikwi popote.

Zaidi ya nauli kuna tatizo la mwendelezo. Kilo zina maana zikitoka kwa kifaa kilekile, mkao uleule na ikiwezekana mpimaji yuleyule. Mtoto huanzia kituo cha afya, akapelekwa mkoani, akaishia hospitali ya CCBRT au ya Muhimbili jijini, na mtumishi aliyempima mwanzo akahamishwa. Tofauti ya kilo mbili kati ya kadi na kadi inaweza kuwa tofauti ya mashine. Isitoshe watoto hukua: mshiko hupanda mwaka hata mwaka bila tiba yoyote, na tiba ikajipatia sifa ambazo ni za umri.

Watu wazima wamesahauliwa karibu katika kila jambo lililotajwa hapo juu. MACS iliandikwa ikiishia miaka 18. Lakini mtindio wa ubongo hauishi utotoni, na kijana wa Kisarawe aliyekuwa akishika jembe kwenye mikorosho kwa mkono mmoja na nusu anaweza, akifika arobaini, kukuta nusu ile imepungua kwa maumivu, kuchoka na viungo kukakamaa. Kwa huyu kilo zina thamani ambayo kwa mtoto hazina, kwa kuwa hakui tena: mshiko ukishuka chini ya ulivyokuwa kwake mwenyewe mwaka jana, kuna kitu cha kutafutwa, pengine hata shingoni kwenye uti wa mgongo. Hapo, na kwa kujilinganisha na nafsi yake tu, ndipo fikra ya PURE inapomkaribia.

Mizani

Ukiweka pande zote pamoja, ubishi wa kilo na kazi unapungua sana mara tu unapouliza namba itatumika kuamua nini.

Ikiwa uamuzi ni wa tiba inayougusa msuli wenyewe, kilo zitangulie. Sindano ya botulinamu hulegeza mkakamao kwa miezi kama mitatu, na inaweza kupunguza mshiko kwa muda; upasuaji wa kuhamisha kano hubadilisha mkao wa kifundo moja kwa moja. Kufanya lolote kati ya hayo bila kupima nguvu kabla na baada ni kubahatisha. Vipimo hivyo vifanyike pale tiba inapotolewa, kwa dainamomita moja inayotunzwa vizuri, pamoja na tufe la mpira kwa wenye nguvu ndogo, na kwenye kadi iandikwe kiti gani, nafasi ipi ya mpini na kifundo kilikaaje. Mkono dhaifu ndio upewe uangalifu zaidi, kama utafiti wa Ubelgiji unavyoelekeza. Bila maelezo hayo ya mkao, namba ni afadhali isiandikwe.

Ikiwa uamuzi ni wa mazoezi ya nyumbani, ambao ndio uamuzi wa siku zote katika kituo cha afya, kazi itangulie. Ngazi ya MACS iandikwe mara moja. Kisha familia ichague shughuli mbili au tatu inazozijali yenyewe: kushika mwiko, kubeba dumu la lita tano kwa mpini wake, kufunga vifungo, kusukuma magurudumu ya kiti. Iandikwe mtoto anafanyaje, kwa msaada kiasi gani na kwa muda gani, na anaachiaje baada ya kushika. Sanduku la vipande liwepo kituoni. Tukilazimika kuchagua kimoja kwa bajeti ya Maneromango, kati ya dainamomita na sanduku la fundi seremala, sanduku linashinda bila ubishi mkubwa, na fedha inayobaki iende kwenye kiti kizuri cha kukalia.

Uamuzi wa tatu si wa kitabibu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inatambua haki ya utengamao, elimu na ajira. Tangu mwaka 2018 sheria ya fedha za serikali za mitaa inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo, nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Popote penye fungu la namna hiyo hutokea kishawishi cha kutafuta namba rahisi ya kuthibitisha nani ni mlemavu kiasi gani, na kilo za mkono ni rahisi mno kuzipata. Mtu mwenye mkono unaocheza anaweza kukamua kilo 20 na asiweze kuokota noti mezani. Mwenye kilo sita katika mkono wa kuzuilia anaweza kuendesha kibanda cha chipsi. Fomu ya mkopo au ya kumpangia mtoto shule imuulize afisa kile mtu anachofanya na msaada anaouhitaji. Nafasi ya kujaza kilo isiwepo kabisa.